Somo Wangu na Mashine ya Pumzi

Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori. Imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi ulio nyuma ya ofisi, nayo hupigwa kwa kipande cha chuma. Mwaka huu mpigaji ni mimi. Saa mbili kasorobo asubuhi naipiga watu wapange mistari ya gwaride. Saa nne kasorobo naipiga waende kucheza, na saa nne na robo naipiga warudi. Ya mwisho ni ile ya saa tisa na nusu ya kwenda nyumbani, ambayo nadhani hata mbwa wa mtaa wetu wa Munyaka wanaijua.

Kazi hiyo haipewi mtu ovyo. Mwalimu Lusweti, anayetufundisha Kiswahili katika Gredi ya Sita, alinikabidhi kile chuma mwezi wa kwanza mbele ya shule nzima. Alisema, "Mpiga kengele ameshika saa ya watu mia sita. Akidanganya yeye, wote wamedanganywa." Nilikipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga abebe.

Sasa fikiria mpiga kengele anayelala.

Jumanne hiyo nilikaa chini ya mkaratusi kidogo tu, nikingoja saa nne na robo ifike. Ilifika, ikanikuta nimesinzia, ikaendelea na safari yake. Nilipofumbua macho, rafiki yangu Namalwa alikuwa akinitikisa bega, na uwanja mzima ulikuwa bado unacheza. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini.

"Wee Waiyego, amka!" alisema Namalwa. "Watoto wa Gredi ya Tatu wanataka kukuchagua rais. Umewapa dakika ishirini na tano za bure! Aki mpiga kengele naye anahitaji kengele."

Namalwa akicheka, hata mti hucheka. Mwalimu Lusweti hakucheka.

"Hii ni mara ya tatu," aliniambia. "Uliniahidi mashine itakutibu. Mashine iko wapi?"

"Iko nyumbani, mwalimu."

"Na wewe uko wapi?"

Kusema kweli, mimi mwenyewe sikujua nilikuwa wapi.

Hiyo mashine ilikuja hivi. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nakoroma. Baba yangu, ambaye wiki nzima huwa Timboroa akinunua viazi vya kuuza dukani kwetu, husema kwamba akirudi Ijumaa hajui tu kama niko nyumbani, anajua na upande nilioulalia, kabla hata hajafungua lango. Mwaka jana nilitolewa mafindofindo. Mkoromo ukapungua lakini haukuisha. Asubuhi kichwa kiliniuma, na darasani nilisinzia kama mlinzi mzee. Ndipo nilipopelekwa hospitali moja mjini, nikalazwa usiku mmoja nikiwa na nyaya kichwani na kidoleni.

Daktari alisema pumzi yangu hukatika usingizini. Koo hujifunga, mwili hushtuka, pumzi hurudi, halafu koo hujifunga tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi. Mtu analala kwa saa tisa lakini hajapumzika hata moja. "Usiogope," alisema, "yako ni mild tu, yaani si kali."

Habari ilipofika nyumbani, nyanya yangu Shosho alishika kidevu. "Maili? Maili ngapi?"

Tukaazimwa mashine. Ni kitu kidogo, ukubwa wa mkate. Inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa inayofunika pua, na hiyo hewa ndiyo inayolizuia koo lisijifunge. Namalwa alipoiona mara ya kwanza aliniita Ndovu kwa siku mbili. Mimi sikujali. Daktari alikuwa ameniahidi kwamba baada ya wiki mbili tatu nitakuwa mtoto mwingine.

Wiki tatu zikapita. Nilikuwa mtoto yuleyule, tena mwenye alama za mikanda mashavuni. Nilianza kuitazama ile mashine kama rafiki aliyekula chakula changu akasahau jina langu.

Chumbani mwangu nalala na Shosho, mama mzazi wa baba. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo, kwa hiyo yeye ni Waiyego na mimi ni Waiyego. Mwalimu Lusweti alitufundisha kwamba watu wawili wenye jina moja huitana somo. "Muwe makini," alisema. "Somo langu ni la darasani. Somo wangu ni mtu." Nilipomfikishia Shosho neno hilo alilipenda kuliko sukari, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina. "Somo wangu, chai inapoa. Somo wangu, kuja uvae sweta."

Sweta ndiyo ilikuwa ibada yake. Adui mkubwa wa Shosho duniani ni baridi. Kwake dirisha lililo wazi ni mlango wa nimonia. Hufuma kofia za sufu msimu wote, na mtoto yeyote atakayepita mbele yetu bila kofia ataondoka nayo, atake asitake.

Jumatano mama alinirudisha hospitalini kuangaliwa. Nesi Edinah, mwenye sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni, alichomoa kadi ndogo kwenye mashine, kama ile ya simu, akaitia kwenye kompyuta. Akatazama. Akatazama tena.

"Mama Waiyego, huwa inawashwa saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu za usiku," alisema mama. "Mimi mwenyewe ndiye humvalisha."

"Basi saa tano hivi inazimwa. Kila usiku. Halafu inawaka tena saa kumi na moja alfajiri." Aligeuza kompyuta mama aone. "Hapa katikati pote haifanyi kazi."

Mama alinigeukia polepole. "Waiyego."

"Sijaizima mimi!"

"Nani basi? Panya?"

Nesi Edinah hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Watoto wengi huivua, mama. Inasumbua. Lakini kuiwasha tena alfajiri ili uikute ikinguruma..." Alitikisa kichwa. "Hapo mtoto amekuwa mjanja kupita kiasi. Nitawapa wiki tatu. Kuna watoto wengine wanaingoja mashine hii. Isipotumika, itabidi iende kwao."

Machozi yalinitoka. Kwanza mashine ilikuwa imenidanganya kwamba itanitibu. Sasa ilikuwa imesimama mbele ya watu ikanitolea ushahidi wa uongo.

Tulipofika karibu na lango letu, mama alisimama. "Nilikuwa nakuamini," alisema. Basi. Mwalimu Lusweti angesema huo ni wakati uliopita. Nami nilijua kwamba hakuna adhabu inayouma kama wakati uliopita.

Tulimkuta Shosho jikoni akimenya viazi. Mama alimweleza yote mbele yangu: kadi, saa tano, alfajiri, ujanja. Mimi nilimtazama Shosho. Kila niliposhtakiwa katika nyumba ile, Shosho alikuwa wakili wangu. Niliwahi kuvunja chupa ya chai na akamlaumu fundi aliyejenga meza. Nikangoja aseme, "Huyu? Huyu hawezi."

Hakusema. Maganda ya Shosho kwa kawaida huwa membamba kama karatasi, lakini siku hiyo alikuwa akikata vipande vya kiazi vizima pamoja na ganda. Hakuinua macho. "Wacha mtoto ale kwanza," alisema.

Kesho yake mama alipita shuleni kumweleza mwalimu ukweli, au kile alichodhani ni ukweli. Mwalimu Lusweti aliniita.

"Kulala ni ugonjwa, na mgonjwa simwadhibu," alisema. "Lakini kudanganya si ugonjwa. Jumatatu kwenye gwaride utamkabidhi mwenzako Kim kile chuma."

Namalwa alinikuta nyuma ya ofisi nikiwa nimeishikilia ile rimu kama mtu anayeaga maiti. Safari hii hakunitania.

"Niangalie machoni. Uliizima?"

"Sikuizima."

"Basi kuna mtu anaizima."

"Mtu gani? Tunalala wawili tu, mimi na Shosho."

Tukatazamana. Halafu tukacheka mpaka tukashika mbavu. Shosho! Ingekuwa rahisi zaidi kumshuku mchungaji wa kanisa.

Ijumaa ilinyesha mvua ile ya Eldoret inayoanza saa nane mchana na kusahau kuisha, na usiku ukawa wa baridi kali. Jumamosi niliamka kichwa kikigonga kama rimu. Nilipojaribu kuvua barakoa, mikanda yake ikanasa kwenye kitu laini. Nikapapasa kichwa.

Nilikuwa nimevaa kofia.

Niliketi kitandani nikiitazama. Nesi Edinah alikuwa amekataza kofia, kwa sababu mikanda huteleza juu ya sufu. Mama alikuwa amenivalisha mikanda juu ya nywele zangu zilizosukwa, kichwa wazi. Sasa kofia ilikuwa chini na mikanda juu. Kofia haina miguu. Haiwezi kupenya yenyewe chini ya mikanda. Kuna mtu aliyenivua barakoa, akanivisha kofia, kisha akanirudishia barakoa, na mimi sikusikia kitu.

Nilitoka nje nikiwa nayo mkononi. Nyuma ya nyumba Shosho alikuwa ameinama kwenye banda la kuku. Kuku mweusi alikuwa ameatamia mayai yaliyotiwa alama ya makaa, na kuku mwingine mwenye tabia mbaya alikuwa ametaga lake humo humo. Shosho aliingiza mkono chini ya yule mweusi, taratibu, kama maji yanavyoingia mchangani. Akatoka na yai lile lisilo na alama. Kuku hakutikisika. Hata jicho hakufumbua.

Nikaelewa yote.

"Shosho."

"Ee, somo wangu."

"Ni wewe unanizimia?"

Alilifunga yai katika pindo la leso yake. "Nani amekuambia?"

"Kofia."

Aliitazama ile kofia, kazi ya mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imemsaliti. Kisha akaketi juu ya mtungi wa plastiki uliokuwa mtupu.

"Hiyo kitu inapuliza baridi," alisema. "Niliwekea mkono nikasikia. Baridi! Wewe unajua mimi nilizaa sita? Ciku alikuwa wa tatu. Alikuwa na miaka minne. Timboroa ya siku hizo, asubuhi barafu inalala juu ya majani kama chumvi. Baridi ilimwingia kifuani Jumapili, Alhamisi tukamzika. Sasa watu wanaleta mashine ya kumpulizia somo wangu baridi puani usiku kucha, na mimi nimelala hapo kando? Nikasema hapana. Nikawa nangoja ulale, nazima kwa ukuta, nakutoa hiyo kitu, nakufunika. Nikiamka kuomba, nakurudishia."

Moyo wangu ulitaka kumhurumia. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililosimama mbele ya huruma.

"Waliniita mwongo, Shosho. Ulikuwa pale jikoni."

Alilipapasa yai ndani ya leso.

"Ulijua si mimi. Ukasema nile kwanza."

"Niliogopa mama yako atanitoa hicho chumba," alisema kwa sauti ndogo. "Nani atakufunika?"

Kama ni mtu mwingine ningepiga kelele. Lakini ukisalitiwa na mtu wa jina lako, hata kelele hujui uielekeze wapi. Nilimwekea kofia yake magotini.

"Usiniite somo tena," nilisema. "Niite Waiyego."

Alikubali kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu mzee. Kisha akasimama, akajipangusa leso, akaenda jikoni kwa mama bila kuambiwa na mtu. Sikufuata. Nilisikia sauti yake, halafu mama akisema, "Mama! Wiki tatu? Na mimi nimemwita mtoto wangu mwongo?" Baadaye mama alikuja akanikumbatia palepale kwenye banda la kuku. Alisema, "Nisamehe. Nakuamini." Nilisikia vizuri kwamba wakati umebadilika.

Jumatatu, gwaride lilipokuwa limepangwa, nilisimama mbele nikiwa na kile chuma. Nilikuwa nimemweleza Mwalimu Lusweti, lakini alisema, "Mtoto akishtakiwa na mtu mzima, ni vizuri atetewe na mtu mzima." Kim alikuwa amesimama kando yangu. Alikuwa amepaka viatu rangi.

Ndipo lango lilipofunguka. Shosho aliingia akiwa na koti lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Alitembea katikati ya mistari ya watoto mia sita. Mama alikuwa nyuma yake kidogo, kama mtu aliyeambiwa asisaidie.

"Mwalimu," alisema Shosho, "mimi sikusoma sana, kwa hiyo nitasema kidogo. Huyu mtoto hakudanganya. Mashine nilikuwa nazima mimi. Akashtakiwa nikisikia, nikanyamaza. Kama kuna mtu wa kunyang'anywa hiyo chuma, ninyang'anyeni mimi."

Watoto walianza kucheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha hadharani. Hata walimu walitazama chini.

"Mama, tumekusikia," alisema Mwalimu Lusweti. "Nami pia nilimhukumu kabla ya kumsikiliza. Waiyego, chuma ni chako. Lakini bado una usingizi, kwa hivyo mpaka upone, Namalwa atakaa nawe chini ya mti."

"Nikimfinya anaruhusiwa kulia, mwalimu?" aliuliza Namalwa. Hapo gwaride zima likapata ruhusa ya kucheka, nami nikacheka nalo. Kim alisikitika kidogo, lakini angalau viatu vyake viling'aa.

Mchana wake tulienda hospitalini watatu. Nesi Edinah alisikiliza, akaniomba msamaha, kisha akawasha mashine, akaushika mkono wa Shosho na kuuweka mbele ya barakoa.

"Shosho, hii ni hewa ileile ya chumba mlicholala. Haileti baridi kutoka mahali pengine. Inasikika baridi kwa sababu inakuja kwa nguvu, kama ukipuliza uji."

"Na kifua?"

"Nimonia huletwa na vijidudu, si na upepo wa mashine. Hata hivyo maswali yako ni ya haki, na kosa ni letu. Tulimweleza mama, tukakusahau wewe unayelala chumba kimoja naye." Alifungua kidroo kidogo ubavuni mwa mashine. "Humu hutiwa maji. Mashine huyapasha moto, hewa ikatoka na vuguvugu. Mbona ni kikavu?"

Sote tulimtazama Shosho.

"Maji si ndiyo baridi yenyewe?" alijitetea.

Nesi Edinah alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Kisha akampa kazi rasmi. Kila jioni Shosho angejaza maji, na alfajiri angehakikisha barakoa haijavuja. "Kuanzia leo, wewe ndiwe askari wa hii mashine. Na wewe Waiyego, usitarajie kuamka kesho ukiruka kama mbuzi. Una deni la usingizi la miaka. Litaisha polepole."

Lilikwenda polepole kweli. Wiki ya kwanza Namalwa alinifinya mara nne. Ya pili, mara moja. Nyumbani Shosho alijaza maji, akakagua mikanda, na aliniita Waiyego, kama nilivyotaka. Lakini kila alipolitaja alilitaja kwa uangalifu, kama mtu anayetembea juu ya sakafu iliyopigwa deki. Nami nilikuwa bado nimekasirika. Watu hudhani ukweli ukishasemwa moyo hupona hapohapo. Moyo nao una deni lake.

Wiki ya tatu ilipoisha tulirudi na kadi. Nesi Edinah alitazama, akatabasamu: muda wa saa nane na nusu kila usiku, bila kuzimwa. Mashine ikabaki kwetu. Kesho yake, saa nne na robo ilipofika chini ya mkaratusi, Namalwa alinyoosha vidole tayari kunifinya akanikuta nimeshasimama. Nikaipiga ile rimu kwa nguvu zangu zote. Watoto wa Gredi ya Tatu walinung'unika. Enzi yao ya dakika za bure ilikuwa imekwisha.

Niliporudi nyumbani jioni, Shosho alikuwa mlangoni akifuma.

"Leo nimesikia kengele mpaka hapa," alisema. "Haikuchelewa."

"Haikuchelewa, Shosho."

Aliweka sindano chini. "Kaa hapa nikwambie kitu, Waiyego. Mimi nilikupenda, lakini nilikupenda kwa siri, na nikaficha hofu yangu chini ya blanketi yako. Ningemuuliza mama yako neno moja tu, 'Hii baridi haitamuua?', angenijibu, na wewe ungekuwa umelala. Nilipoogopa kuuliza, ikabidi nifiche. Nilipoficha, ikabidi ninyamaze. Na niliponyamaza, mwongo akawa wewe. Ukikua, ukimpenda mtu na unaogopa jambo, mwambie. Usimzimie swichi."

Baridi ya jioni ilikuwa imeanza kushuka. Kulikuwa na kofia mpya magotini mwake, ya kijani, rangi ya sweta yetu ya shule. Hakunipa. Alikuwa akingoja niombe, naye Shosho hajawahi kungoja mtu aombe kofia.

Niliichukua nikaivaa.

"Asante, somo wangu," nikasema.